Maradhi yakiingia mjini, uadilifu usitoke

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, katika darasa la leo nataka tuzungumzie jambo ambalo tumezoea kuwaachia madaktari na wakuu wa mikoa, nalo ni namna mji unavyotakiwa kuwatendea watu wake pale maradhi ya kuambukiza yanapozuka. Mara nyingi mjadala wetu huishia kwenye swali la kufunga au kutofunga: tufunge misikiti au tusifunge, tufunge soko au tuliache. Swali kubwa zaidi hatuliulizi. Mji ukifungwa, mzigo anabeba nani? Ukifunguliwa, nani anaachwa bila dawa? Na taarifa ikitolewa, nani haimfikii?

Naandika kutoka Nyakasimbi, wilayani Karagwe. Wapo watakaouliza mwalimu wa huku ndani ana nini cha kuwaambia watu wa Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa. Jibu ni kwamba mkoa wetu wa Kagera umekwishalipa ada ya somo hili, tena zaidi ya mara moja, na mwenye kulipa ada ana haki ya kusimulia alichojifunza.

Ada iliyolipwa Kagera

Wagonjwa wa mwanzo wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, miaka michache tu baada ya vita vya kumng'oa Idi Amin. Kabla watu hawajajua ni ugonjwa gani, waliupa jina la Juliana, ambalo lilikuwa jina la mashati yaliyokuwa yakiletwa kwa magendo kutoka Uganda. Wengine walisema ni uchawi. Utafiti uliofanywa mwaka 1987 ulionesha kuwa katika Bukoba mjini, katika kila watu wazima 100, takriban 24 walikuwa na virusi.

Hebu tulitazame jina hilo la Juliana. Jina la ugonjwa lilikuja pamoja na hukumu. Aliyeugua alionekana ni mtu wa magendo au mzinifu, hata kama alikuwa mke aliyetulia nyumbani kwake. Mjane alishukiwa, yatima akanyooshewa kidole. Watu wakajificha. Na mgonjwa anayejificha hamnufaishi mtu yeyote, si nafsi yake wala jirani yake. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa Kagera ilijifunza kwamba kumdhalilisha mgonjwa si dhambi tu, bali pia ni njia ya kuusambaza ugonjwa.

Miaka 40 baadaye, tarehe 21 Machi 2023, serikali ilitangaza kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika kata za Maruku na Kanyangereko, wilaya ya Bukoba, ni homa ya Marburg. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa huo kuthibitishwa nchini. Wagonjwa waliohesabiwa ni 9 na waliofariki ni 6, miongoni mwao mhudumu wa afya. Watu zaidi ya 200 waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa, na tarehe 2 Juni 2023 ikatangazwa kuwa mlipuko umekwisha. Januari 2025 Marburg ikarudi, safari hii Biharamulo. Watu 10 walihesabiwa kuwa waliugua, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo, na wote 10 walifariki. Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tuko kati ya mpaka wa Uganda, mpaka wa Rwanda na barabara ya kwenda Bukoba na Mwanza. Kahawa na ndizi zetu hupita njia hizo hizo ambazo maradhi hupita. Ndiyo maana jambo hili kwetu si nadharia.

Umar (r.a.) njiani Sargh

Sasa turudi kwenye asili yetu. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), kwamba Umar bin Khattab (r.a.) alitoka kuelekea Sham. Hiyo ilikuwa karibu na mwaka wa 17 au 18 Hijiria. Alipofika mahali paitwapo Sargh, makamanda wake, akiwemo Abu Ubayda bin Jarrah (r.a.), walimpokea kwa habari kwamba tauni imeingia Sham. Ndiyo ile iliyokuja kuitwa tauni ya Amwas, kwa jina la mji mmoja wa Palestina.

Alichofanya Umar (r.a.) kinatakiwa kusomeshwa katika kila ofisi ya halmashauri. Hakutoa amri papo hapo. Aliwaita Muhajirina akawataka ushauri, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikuraishi waliohama katika zama za kutekwa Makka, na hao wakaafikiana kuwa asiwaingize watu katika tauni. Umar akatangaza kuwa anarejea. Abu Ubayda akapinga hadharani, akahoji kama huko si kuikimbia Qadar ya Allah. Umar akamjibu kwamba wanaikimbia Qadar ya Allah kuiendea Qadar ya Allah, akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, moja lina rutuba na jingine kavu. Popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa Qadar ya Allah. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.), ambaye hakuwepo wakati wa mashauri, akawaeleza aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.): kwamba tauni ikiwa katika nchi msiiingie, na ikizuka mkiwa humo msitoke kwa kuikimbia.

Katika kisa hiki tunapata mambo matatu. La kwanza, mashauri yalifanyika kabla ya amri, na yaliwahusisha makundi tofauti, si kundi moja lililo karibu na mtawala. La pili, aliyepinga alijibiwa kwa hoja, hakukamatwa wala hakuitwa mchochezi. La tatu, elimu ilipokuja kutoka kwa mtu mmoja ambaye hakuwemo kikaoni, ilipokewa.

Lakini kisa hakiishii hapo, na wengi wetu hatukifikishi mwisho. Wanahistoria wanasimulia kwamba Umar (r.a.) alimwandikia Abu Ubayda barua ya kumwita Madina, akitaka kumtoa kwenye hatari. Abu Ubayda akalifahamu lengo, akaomba radhi, akabaki na watu wake. Hakutaka nafsi yake ipate njia ambayo askari wake hawana. Ndipo Umar akamwagiza awahamishe watu kutoka nyanda za chini na kuwapeleka sehemu iliyoinuka yenye hewa nzuri. Abu Ubayda alifariki kwa tauni hiyo, na baada yake Muadh bin Jabal (r.a.). Maradhi yalipopita, Umar alikwenda mwenyewe Sham kushughulikia mirathi za waliokufa na mambo ya waliobaki.

Hapo ndipo ilipo karantini ya Kiislamu kwa ukamilifu wake. Katazo la kutoka halikuwa ruhusa ya kuwatelekeza watu wafe. Waliozuiwa walitafutiwa mahali bora, kiongozi alizuiwa pamoja nao, na baada ya msiba dola ilikuja kuhesabu mayatima na haki zao.

Mjumbe wa Thaqif

Imepokewa pia na Muslim kwamba katika ujumbe wa kabila la Thaqif uliokuja kutoa kiapo cha utii kwa Mtume (s.a.w.), alikuwemo mtu mwenye ukoma. Mtume (s.a.w.) alimpelekea habari kwamba kiapo chake kimekwishakubaliwa, arejee.

Tazama uzito wa jambo hili. Hakusogezwa karibu, kwa sababu ya kuwalinda wengine. Lakini haki yake haikupotea. Alihesabiwa kuwa mwanajamii kamili kama wenzake waliotoa mkono. Huo ndio mpaka ambao miji yetu inaushindwa: kuutenga ugonjwa bila ya kumtenga mtu na haki zake. Mwenye kukatazwa kuja sokoni bado ni mwenye haki ya kula. Mwenye kukatazwa kuja shule bado ni mwenye haki ya kusoma. Asiyesikia kwa masikio bado ni mwenye haki ya kujua amri iliyotangazwa kwa kipaza sauti.

Miji iliyogawanywa kwa jina la afya

Historia ya miji ya Afrika inaonesha upande wa pili. Mwaka 1901 tauni ilipoingia Cape Town, Waafrika walihamishwa kwa nguvu na kupelekwa nje ya mji. Mwaka 1902 wakoloni wa Kiingereza waliuchoma moto mtaa wa maduka ya Wahindi mjini Nairobi kwa sababu ya tauni. Mwaka 1914 Wafaransa walitumia tauni ya Dakar kuwaondoa Waafrika katikati ya mji na kuwapeleka mtaa mpya ulioitwa Medina. Na Dar es Salaam yenyewe, uwanja wa Mnazi Mmoja ulitengwa uwe uwazi kati ya Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya wengine, na afya ilikuwa moja ya hoja zilizotumika.

Tofauti na Sargh iko wazi. Kule kiongozi alibaki na watu wake. Huku watawala walijikinga kwa kuwasukuma wanyonge mbali. Ugonjwa ulipokwisha, mipaka ilibaki. Kwa hiyo tunaposikia neno usafi wa mji, tuna haki ya kuuliza unasafishwa nini, uchafu au watu?

Eastleigh na Mji wa Kale, Ramadhani 1441

Tusijidanganye kwamba mambo haya yaliondoka na mkoloni. Tarehe 6 Mei 2020, wakati wa UVIKO-19, serikali ya Kenya ilitangaza kuzuia watu kuingia na kutoka katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na Mji wa Kale, Mombasa. Ilikuwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 1441, na zuio lilikaa mpaka mwanzoni mwa Juni. Idi ikapita watu wakiwa ndani.

Tuwe waadilifu hata kwa wale tunaowalaumu. Maambukizo katika mitaa hiyo yalikuwa yakipanda, na serikali ilikuwa na sababu ya kuchukua hatua. Kuzuia kuingia na kutoka katika eneo lenye maradhi ni jambo ambalo Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha. Kwa hiyo Muislamu hawezi kusema zuio lenyewe ni dhuluma.

Lakini lipo la kuhoji. Viongozi walilalamika kwamba wakazi wanakwepa kupimwa. Kwa nini walikwepa? Katika miezi ya mwanzo Kenya ilikuwa ikiwatoza waliowekwa karantini gharama za kukaa huko. Kwa mchukuzi wa Mombasa au muuza nguo wa Eastleigh, kukubali kupimwa kulikuwa na maana ya kukubali deni. Serikali ilikuja kutangaza mwezi huo wa Mei kwamba itabeba gharama katika vituo vya umma, lakini hofu ilikuwa imekwishaota mizizi. Mtu akiogopa gharama ya kipimo kuliko ugonjwa, kosa ni la nani?

La pili, mitaa hiyo miwili inajulikana kwa wakazi wake Waislamu, na Eastleigh kwa Wasomali ambao kwa miaka mingi wamezoea kuiona dola ikija kwao kwa misako. Ukiwaendea watu ambao hujawahi kuwaendea kwa wema, ukawaambia leo nimekuja kwa ajili ya afya zenu, usishangae wakisita. Imani ya wananchi haijengwi siku ya msiba. Hujengwa siku za kawaida.

Liberia nayo ilipita njia hiyo, kwa uchungu zaidi. Tarehe 20 Agosti 2014, wakati wa Ebola, serikali ililizingira kwa askari eneo maskini la West Point jijini Monrovia lenye makumi ya maelfu ya watu. Wakazi waliamka wakakuta vizuizi. Ghasia zikazuka, kijana wa miaka 15 akapigwa risasi akafa, na siku kumi baadaye zuio likaondolewa. Hakukuwa na mashauri, na kilichopatikana ni damu.

Maiti naye ana haki

Jambo linalotugusa zaidi Waislamu ni mazishi. Ebola na Marburg huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili, na mwili wa aliyekufa kwa maradhi hayo ni hatari sana. Mwaka 2022 Ebola ilipozuka Uganda, katika wilaya za Mubende na Kassanda, ilitangazwa kuwa huko Kassanda ndugu walifukua mwili uliokwishazikwa na timu ya afya ili waufanyie taratibu za dini, na walioushika wakaambukizwa. Kassanda si mbali na sisi. Na ndugu wale hawakuwa wendawazimu. Walikuwa watu waliohisi kwamba mpendwa wao ametupwa shimoni bila ya haki yake.

Hapa lawama ni ya pande mbili. Maulamaa wetu wanatakiwa kusomesha mapema, kabla ya msiba, kwamba sharia haimtaki mtu ajiangamize. Fiqhi inajua hali ya maji kukosekana au kudhuru, na wanazuoni wameeleza kuwa maiti asiyeweza kuoshwa hutayamamiwa, na hata hilo lisipowezekana husaliwa na kuzikwa. Sala ya jeneza husaliwa kwa mbali. Familia ikilijua hilo tangu mwanzo, haitafukua kaburi usiku.

Upande wa pili ni wa wenye mamlaka. Mwaka 2014 Monrovia iliamuru miili ichomwe, jambo ambalo Waislamu na Wakristo wa huko walilichukia, na matokeo yake watu wakaficha wagonjwa na kuzika kwa siri. Novemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, ulioandaliwa kwa kushirikiana na jumuiya za dini, za Kiislamu zikiwemo. Ndani yake familia inashirikishwa, sala inapewa nafasi, na tayamamu ya maiti wa Kiislamu imetajwa. Wataalamu walipokubali kukaa na watu wa dini, kilichoonekana hakiwezekani kiliwezekana. Desemba, Monrovia ikapata makaburi ya kuzika badala ya tanuri.

Ukweli ni sehemu ya tiba

Haki nyingine ni haki ya kujua. Katikati ya Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya kushukiwa kwa Marburg Kagera. Wizara yetu ya Afya ikasema vipimo vilivyofanyika havikuonesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, akatangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitishwa. Vipimo vinaweza kutofautiana kati ya siku moja na nyingine, hilo tunalielewa. Lakini mwananchi wa Biharamulo aliyesikia hapana wiki hii na ndiyo wiki inayofuata, hasa akikumbuka kwamba mwaka 2020 takwimu za UVIKO-19 zilisitishwa kabisa kutangazwa na hazikurudi mpaka 2021, atakuwa na haki ya kusita. Tangazo lenye kusema "bado tunachunguza, jikingeni kwanza" lina baraka kuliko tangazo la kutuliza watu ambalo kesho litafutwa.

Na taarifa iende kwa lugha ya watu. Bibi wa Nyakasimbi huelewa zaidi akiambiwa kwa Kinyambo. Kiziwi ahitaji ishara. Asiye na simu ahitaji mtu wa kumgongea mlango. Kusema tulitangaza kwenye televisheni si kujitoa katika lawama.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Ndugu Waislamu, tusimalize kwa kuwalaumu wakubwa peke yao. Kila msikiti wa mjini una kamati, una imamu, una mfuko. Kabla ya mlipuko ujao, kamati inaweza kufanya yafuatayo.

Kwanza, iandikishe wasiojiweza walio jirani na msikiti, Waislamu na wasio Waislamu: wajane, vikongwe wanaoishi peke yao, walemavu, na wanaokula kwa kibarua cha kila siku kama mama lishe, wachukuzi na machinga. Hao ndio watakaolala njaa siku ya pili ya zuio.

Pili, itenge sehemu ya sadaka kwa ajili ya siku hiyo. Haiwezekani tumwambie mtu akae ndani kwa hadithi ya Mtume (s.a.w.) kisha tusimpelekee unga.

Tatu, ichague waoshaji maiti wachache, wanaume na wanawake, wapate mafunzo ya kujikinga kutoka kwa watu wa afya, ili siku ikifika waingie pamoja na timu hizo badala ya kugombana nazo makaburini.

Nne, imuombe mganga mkuu wa wilaya au mwakilishi wake aje azungumze baada ya sala ya Ijumaa wakati hakuna ugonjwa. Kujuana kabla ya msiba ni nusu ya kazi.

Tano, ikatae kunyanyapaa. Jirani akipona, arudishiwe salamu, biashara yake inunuliwe, mwanawe apokewe madrasa. Marburg ilipozuka, wapo watu wa Kagera waliotazamwa kwa jicho la pembeni kwenye mabasi na nyumba za wageni za miji mingine, ingawa wametoka wilaya ambayo haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Hiyo ni ile ile Juliana imerudi kwa jina jingine.

Na kwa wenye mamlaka, ombi letu ni fupi. Kabla hamjatoa amri, washaurini wanaoishi katika mtaa mtakaoufunga. Mkiwazuia, walisheni. Mkiwapima, msiwadai. Wakifa, waacheni wasaliwe. Na yakipita, rudini muwaangalie mayatima, kama alivyorudi Umar (r.a.) Sham.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye kukaa katika nchi yake yenye tauni kwa subira na kutaraji malipo kwa Allah ana ujira mfano wa ujira wa shahidi. Malipo makubwa kiasi hicho yanatuonesha kuwa anayezuiwa anabeba mzigo kwa niaba yetu sote. Haifai basi sisi tuliosalimika kwa kubaki kwake ndani tumwache abebe peke yake.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.